Alikumbushwa Mara Tatu

Columbus, 10 Januari 2018

Orrin mwanangu,

Hujambo, mtu wa ofisini? Jumanne ijayo unaanza kazi na mimi nimekwama huku kwenye mafunzo ya kibali, nimefikia kwa binti yangu Denise, nalala kwenye kochi la kukunjua, makaratasi yamejaa mpaka juu ya friji. Ningetamani nikuone ukiingia jengo la mahakama na tai shingoni. Usikubali mama yako akufunge ile yenye picha za bata.

Narudia tulivyokubaliana, usije ukasema Verlene alikuficha. Karakana yetu pale Pruitt imefungwa na haitafunguliwa. Miaka kumi na tano umejaza nati kwenye vifuko pamoja na wenzako, na sasa serikali inasema watu wenye ulemavu waajiriwe kazi za kweli, kwa mshahara wa kweli, wakae na watu wengine. Mimi naafiki kabisa. Ila anayewatafutia kazi hizo na kuwawekea msaidizi, ili alipwe na bima ya serikali, hii Medicaid, lazima awe mtoa huduma mwenye kibali. Mimi nina cha majaribio tu. Nipate kamili, natakiwa kuonyesha mtu mmoja aliyekaa kazini miezi mitano na msaidizi kando yake, na kila robo saa ya msaidizi iwe imeandikwa. Mtu huyo ni wewe. Mwezi wa saba anakuja mkaguzi.

Nyuma yako wako wenzako kumi na wanne wanaoshinda nyumbani mbele ya televisheni. Nikikosa kibali, katika kaunti nzima ya Wendling hakuna mwingine wa kuwachukua. Sikuambii haya kukutisha. Au labda nakutisha kidogo.

Msaidizi wako ni mdogo wangu Lyle. Unamjua, mdomo haufungi lakini roho yake safi, na tangu kiwanda kimpunguze kazini miaka miwili iliyopita amekuwa wa kochi na soksi. Atakaa nawe wiki sita, halafu ataanza kujitoa kidogo kidogo mpaka ubaki mwenyewe. Hiyo ni ahadi.

Niandikie. Wewe na simu hampatani, watu hawakuelewi wanakata, unaishia kuvunja vitu. Lakini kwenye kuchapa hakuna anayekuweza.

Wako,
Verlene

Pruitt, 4 Februari 2018

Bi Verlene,

Kwanza kabisa, nina miaka thelathini na nne. Mtoto wako ni Denise. Mimi ni Orrin.

Kazi ni nzuri. Sikutegemea niandike sentensi hiyo. Wananipa daftari za ndoa za zamani, mwandiko wenyewe utadhani kuku amekanyaga wino, naziingiza kwenye kompyuta: majina, umri, tarehe, mashahidi. Nachapa kwa kidole kimoja na kidole hicho hakikosei. Juzi nimemkuta daftarini mwanamke aliyeolewa mara tano hapa hapa Pruitt, na wanaume wanne. Yaani mmoja alirudi! Nilicheka mpaka Lyle akadhani nimepaliwa, akanipiga mgongo.

Mkuu wa ofisi ni Bi Ganske. Ni mwema, ila wema wake unaishia kwa Lyle. Siku ya kwanza alimwuliza Lyle, "Anapenda kahawa?" Mimi nikajibu, "Napenda, bila sukari." Najua sauti yangu inatoka kama gari lisilotaka kuwaka, misuli ya mdomo hainitii tangu nizaliwe. Lakini mtu akitulia ananielewa. Mama ananielewa. Wewe ulinielewa wiki ya kwanza tu. Bi Ganske hakunitazama. Akamtazama Lyle, na Lyle, kabla sijamaliza, akasema, "Sukari mbili, kama mimi." Wiki tatu nakunywa uji wa sukari.

Wiki sita zinaisha tarehe 26. Nimeichora duara kwenye kalenda. Lyle akiondoka, Bi Ganske atakuwa hana wa kumwuliza isipokuwa mimi. Natetemeka kidogo nikiwaza, na si misuli.

Orrin Kettler

Pruitt, 19 Februari 2018

Dada,

Karatasi za wiki hizi hapa. Lakini nina tatizo. Unataka kila robo saa niandike nimemsaidia nini. Sasa huyu jamaa hasaidiwi! Namvua koti, nampandishia kiti cha magurudumu kwenye ule mteremko, namfungulia daftari, basi. Baada ya hapo yeye anachapa na mimi nahesabu matofali ya ukutani. Nikiandika "hakuhitaji kitu" robo saa ishirini mfululizo, si watatuona wezi?

Niambie niandike nini. Vilevile wiki hii ndiyo ya sita, nianze kujitoa?

Watu wa hapa wazuri ajabu. Printa yao ilikuwa imekufa tangu Krismasi, nimeifufua. Nimepewa pai nzima.

Mdogo wako,
Lyle

Columbus, 22 Februari 2018

Lyle,

Usiandike "hakuhitaji kitu" hata siku moja. Robo saa tupu haihesabiwi, na saa zikishuka chini ya thelathini kwa wiki, majaribio yanafutwa na tunaanza upya. Nani ana nguvu ya kuanza upya?

Andika "alikumbushwa". Ukimwangalia naye akakuona, si amekumbuka yuko kazini? Andika "alikumbushwa kufungua ukurasa", "alielekezwa mstari", "alitulizwa". Zungusha maneno yasifanane kila siku. Wote wanaandika hivyo, mdogo wangu, hata yule mwalimu wa mafunzo huku alitukonyeza.

Na usianze kujitoa. Ukijitoa saa zinapungua, hesabu ni hiyo hiyo. Orrin usimwambie, nitamwambia mwenyewe kwa njia yangu.

Verlene

Pruitt, 25 Machi 2018

Bi Verlene,

Tarehe 26 Februari ilipita ikaniachia kadi yako yenye mistari miwili na picha ya paka: subiri kidogo, mambo yanaenda vizuri. Yanaenda kwa nani?

Ijumaa ofisi ilimkatia Lyle keki ya siku ya kuzaliwa. Jina lake juu kwa krimu. Nilifurahi, usinielewe vibaya. Nampenda Lyle, na hapo ndipo nilipofungwa, maana mtu usiyempenda unamwambia ondoka. Yeye ananijibia kabla sijafungua mdomo. Ananisimulia mbele yangu, leo Orrin ana furaha, leo Orrin kachoka. Mimi sikuchoka! Nilikuwa nafikiria!

Jumanne alitoka kuhamisha gari. Bi Ganske akaja kwenye meza yangu na daftari la mwaka 1911, akauliza kama tarehe fulani ni saba au moja. Akaniuliza MIMI. Nikamwambia ni moja, tazama mwandishi huyu saba zake zina mkia. Hakuelewa. Nikarudia. Akainama, akaweka sikio karibu, nywele zake zinanukia sabuni ya vyombo. Nikarudia polepole, na nikaona macho yake yameanza kushika, kabisa, alikuwa anafika. Mlango ukafunguliwa. "Anasema yuko sawa, Bi Ganske!" Akanyooka, akamshukuru Lyle, akaondoka na daftari lake. Mpaka leo kwenye kompyuta imeandikwa saba.

Sikuombi mengi. Saa moja kwa siku. Lyle akanywe kahawa popote, hata kwenye gari. Saa moja niwe mfanyakazi.

Na jambo jingine. Kaunti inafungua nafasi ya karani wa kudumu kuanzia Julai mosi. Bi Ganske ataamua katikati ya Juni. Kazi zaidi ya nusu ni hizi ninazofanya. Naitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nimemwambia mama peke yake, na sasa wewe.

Orrin

Columbus, 3 Aprili 2018

Orrin mwanangu, samahani, Orrin,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, nikaketi, nikaisoma tena. Karani wa kudumu! Ukiipata nitakuja na tarumbeta.

Lakini saa moja kwa siku sina ya kukupa. Nisikilize bila kurusha kitu. Saa moja kwa siku ni tano kwa wiki, na tano hizo zinanishusha chini ya mstari. Nikishuka hapo, kibali hakuna. Kibali kikikosekana, hata Lyle huna, na mteremko ule wa mahakama utaupanda na nani? Nimebanwa, Orrin. Ukifanya vizuri wananiambia humhitaji msaidizi, na ukifanya vibaya wananiambia kazi haikufai. Natembea katikati na wewe mgongoni, na wale kumi na wanne.

Mama yake Corliss, mwenzako wa karakana, alinipigia jana. Corliss haogi tena, anasema hakuna pa kwenda. Nifanyeje?

Vumilia mpaka mkaguzi apite, tarehe 9 Julai. Siku ya pili yake namtoa Lyle mwenyewe kwa kola ya shati.

Verlene

Pruitt, 18 Mei 2018

Bi Verlene,

Jana kulikuwa na kikao cha mpango wangu wa huduma. Mama, Lyle, afisa wa kaunti, Bi Ganske kwa sababu ndiye mwajiri, na wewe kwenye ile simu ya mezani yenye kipaza sauti ukikohoa. Afisa alimgawia kila mtu nakala ya kumbukumbu za msaidizi, kwa kuwa utaratibu ndio huo. Ulikuwa unajua kwamba utaratibu ndio huo? Maana ulinyamaza ghafla.

Nimezisoma. Zote, kuanzia Januari. Saa tatu asubuhi, alikumbushwa kufungua ukurasa. Saa tatu na robo, alielekezwa mstari. Saa tatu na nusu, alitulizwa. Alitulizwa! Tarehe 2 Mei, alikumbushwa mara tatu kwamba yuko kazini. Tarehe 2 Mei niliingiza kurasa arobaini na moja na nikakuta makosa sita ya karani aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa. Lyle siku hiyo alisoma gazeti, akaniuliza mimi jibu la fumbo la maneno, nikampa.

Hukuwa ndani ya chumba kile, hukuona uso wa Bi Ganske. Alisoma kurasa mbili, akaziweka chini, akaniangalia. Huruma ile naijua tangu shule ya msingi. Kisha akamwambia Lyle, "Sikujua unabeba mzigo mkubwa hivi." Lyle akaangalia viatu vyake.

Sikuulizi nani alimfundisha. Lyle hana akili ya kutunga "alielekezwa mstari".

Mwandikie Bi Ganske. Mwambie kumbukumbu zile si kweli na kurasa zile ni zangu. Mistari miwili inatosha. Ataamua tarehe 15 Juni.

Orrin Kettler

Columbus, 24 Mei 2018

Orrin,

Ni mimi. Nilimfundisha mimi, kwa mkono wangu, na nilijidanganya kwamba hakuna atakayezisoma zaidi ya mtu mmoja ofisini mwenye muhuri. Nimeona aibu kubwa. Denise ameniuliza nani amekufa.

Nitamwandikia. Lakini uelewe ninachoandika. Nikiweka kwenye karatasi kwamba kumbukumbu si za kweli, hiyo si barua, hiyo ni mimi kujishtaki. Kibali kwisha, na Lyle anaweza kuitwa kujieleza, na karatasi zote amesaini yeye. Nipe siku chache nitafute maneno yatakayokusaidia wewe bila kutuzika sisi.

Nitaandika. Niamini.

Verlene

Pruitt, 16 Juni 2018

Dada,

Keti kwanza.

Jana Bi Ganske aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Nikajua ni habari za Orrin, nikaanza kumsifu. Akanikatiza. Akasema amenitazama miezi mitano, nafika mapema, natengeneza mashine, kila mtu ananipenda, na zile kurasa zote za daftari. Anadhani mimi ndiye ninayezisoma na Orrin anabonyeza tu. Amesema kumbukumbu zinaonyesha. Amenipa nafasi ya karani. Mimi!

Dada, sikumsahihisha. Nilifungua mdomo, nakuapia nilifungua, mimi ambaye siwezi kunyamaza hata kanisani, na hakuna kilichotoka. Nina miaka hamsini na tatu. Miaka miwili nimetuma maombi kila mahali, hata kuokota mikokoteni ya dukani waliniambia watanipigia. Bima ya afya inaanza siku ya kwanza. Meno yangu unayajua.

Nimesema ndiyo. Kuanzia Julai daftari zote ni za karani, kwa hiyo kazi ya Orrin inaishia Juni. Orrin bado hajui. Leo nimempelekea pai nikashindwa kushuka kwenye gari.

Barua yako kwa Bi Ganske haikufika. Niliuliza. Uliituma?

Lyle

Columbus, 20 Julai 2018

Mpendwa Orrin,

Kimya changu ni cha woga, sitakitafutia jina jingine.

Barua ile niliiandika mara mbili. Ya pili ilikuwa nzuri, ilikuwa na stempu. Ilikaa kwenye mkoba wangu kuanzia tarehe 29 Mei. Kila asubuhi niliipitisha mbele ya sanduku la posta nikarudi nayo. Nilijiambia kesho, mpaka kesho ikawa tarehe 16 Juni. Uliipoteza kazi ile ndani ya mkoba wangu. Najua hivyo na nitakufa najua.

Mkaguzi alinikagua tarehe 9 ofisini kwao huku Columbus tu, hakufika Pruitt. Alisema amependezwa na kumbukumbu, kwamba ni nadra kuona kazi iliyoandikwa kwa makini namna ile. Nimepata kibali. Kamili, miaka mitatu. Nilikuwa nimewaza siku hiyo tangu mwaka juzi, na ilipofika nilikwenda kwenye choo cha ofisi yao nikalia huku maji yamefunguliwa.

Corliss na wenzake wanaanza Agosti. Sina wasaidizi bado, Lyle amekwenda kwenye kazi yake na wapya wanafundishwa. Kwa hiyo kwa muda nimeruhusiwa kuwakusanya kwenye jengo la karakana ya zamani, sasa linaitwa kituo cha maandalizi ya kazi. Kampuni ya nati imekubali kuleta vifuko. Ni kwa muda tu, Orrin. Nakusihi uje. Wanakuuliza.

Fomu imo ndani ya bahasha. Ni ile ya kuchagua mtoa huduma, nimeshajaza, saini tu mahali penye alama.

Verlene

Pruitt, 29 Julai 2018

Bi Verlene,

Nilikwenda kwa Bi Ganske. Ulikuwa hujui hilo na Lyle hatakuambia, kwa hiyo nakuambia mimi.

Ilikuwa tarehe 2 Julai, siku ya kwanza ya Lyle kazini. Mama alinisukuma mpaka juu ya mteremko, nikamwambia abaki nje. Bi Ganske alikuwa amesimama kaunta na Lyle kando yake, kavaa kitambulisho. Nikaanza kusema. Nilisema kurasa elfu tatu na mia mbili ni zangu, kwamba hakuna aliyenikumbusha, na kwamba ile tarehe ya mwaka 1911 ni moja na si saba. Nilichukua kama dakika nne. Lyle kwa mazoea akafungua mdomo kunitafsiria. Nikamwambia nyamaza, Lyle. Hilo Bi Ganske alilielewa mara moja, maana Lyle alinyamaza.

Akazunguka kaunta, akachukua kiti, akaketi mbele yangu, akasema, "Anza tena." Nikaanza tena. Alikuwa ananiangalia mdomo, kila neno, akirudia chini chini, na alipokosea nilimsahihisha na akarudia sawa. Alinielewa yote. Hakuna mgeni aliyewahi kunielewa yote. Kisha akaanza kulia, akasema, "Orrin, nafasi imeshajazwa, karatasi zimeshapita kwenye bodi ya kaunti. Laiti ungeniambia Januari."

Lyle alitoka nje. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi karibu na mama, na mama amempa leso. Mama hamchukii. Mimi bado sijaamua.

Fomu yako nimeisoma neno kwa neno, hata maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Yanasema mteja ana haki ya kumchagua mtoa huduma na haki ya kumwacha, wakati wowote, bila kutoa sababu. Nimekata jina lako. Nimelikata kwa rula, lisionekane kama mkono umetetemeka. Najua maana yake. Nitakuwa nyumbani na mama, na wengine watakuwa huko kwako, na pengine watacheka na kuoga, na nitasikia habari zao kwa simu ya mama. Wasalimie. Mwambie Corliss namtakia mema.

Chini yake kuna nafasi ya kuandika jina la mtoa huduma mpya, na wameandika kwamba lazima ijazwe. Katika kaunti hii hakuna mwingine, uliniambia mwenyewe.

Nimeiacha wazi na nimesaini.

Orrin Kettler